Nani Analala Temeke? Uchambuzi wa Fursa za Uwekezaji wa Utalii Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mjadala wa uwekezaji katika utalii wa Tanzania umezoea kuelekea pande mbili: kaskazini, kwenye Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro, na baharini, kwenye fukwe za Unguja. Dar es Salaam, ingawa ndiyo mji mkubwa kuliko yote nchini, huchukuliwa kuwa lango tu, mahali ambapo mgeni hushuka ndege, hulala usiku mmoja jirani na bandari, kisha asubuhi hupanda boti ya Zanzibar. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini umelifunika swali la msingi, yaani ni uwekezaji wa namna gani unaoweza kuleta faida katika manispaa zilizo nje ya katikati ya jiji, hasa Kinondoni na Temeke, kwa kutegemea wasafiri gani na kwa masharti gani. Uchambuzi huu unashikilia kwamba msafiri wa kutegemewa zaidi katika maeneo hayo ni Mwafrika ambaye tayari anafika na tayari analipa, na kwamba mtaji unaomfuata msafiri huyo una msingi imara kuliko mtaji unaojenga hoteli kubwa ya ufukweni na kumsubiri mgeni kutoka Ulaya.

Ni vyema mipaka ya eneo ieleweke kwanza, kwa kuwa majina yamebadilika maana katika kipindi kifupi. Hadi mwaka 2015 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kisha Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke, hivyo maandiko ya zamani yanaposema fukwe za Temeke yanakusudia fukwe ambazo leo ni za Kigamboni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima, Temeke ikiwa na 1,346,674, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Mgawanyo wa mwaka 2015 uliipunguzia Temeke karibu mali yake yote ya ufukwe na kuiachia viwanda, bandari ya nchi kavu, viwanja vya michezo na wakazi wengi. Mpangaji anayeitazama Temeke kwa jicho la bahari atakata tamaa mapema, na huenda ndiyo sababu manispaa hiyo haitajwi sana katika vijitabu vya kuwavutia wawekezaji wa utalii.

Historia ya Kinondoni inaonyesha nini hutokea mtaji unapowekwa ufukweni bila kuzingatia kilicho nyuma ya ufukwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, Shirika la Utalii la Tanzania liliendesha hoteli za ufukweni kaskazini mwa jiji, Kunduchi na Bahari Beach zikiwa maarufu zaidi, pamoja na hoteli za mbugani kama Lobo na Mikumi. Uamuzi wa nchi ya kijamaa kutumia fedha za umma kuwajengea wageni matajiri vitanda haukupita kimya. Mwaka 1970 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha malumbano makali katika gazeti la The Standard, na Issa Shivji akayakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wakosoaji walidai kwamba utalii hula mtaji mwingi, huajiri wachache, hulazimu nchi kuagiza vyakula na vifaa kutoka nje, na huzalisha tabia ya utumwa. Watetezi walijibu kwamba nchi ilihitaji fedha za kigeni na kwamba bahari na wanyama ni rasilimali kama pamba na katani.

Malumbano hayo yana umuhimu hadi leo kwa sababu hoja ya kuagiza kutoka nje ndiyo ile ambayo wachumi wa utalii huiita uvujaji wa mapato, yaani sehemu ya matumizi ya mgeni isiyobaki nchini kwa sababu inalipia ndege ya kigeni, wakala wa kigeni, mvinyo, nyama na samani zilizoagizwa, au faida inayorudi kwa mwenye hoteli aliye ng'ambo. Wakosoaji wa mwaka 1970 walikosea walipodhani kwamba uvujaji ni tabia ya utalii wote, kwa kuwa kiwango chake hutegemea mgeni ni nani na anataka nini: anayekula wali kwa samaki wa soko la Feri na kulala kwenye kitanda kilichoundwa na mafundi wa Keko huacha shilingi nyingi zaidi mtaani, kwa kila shilingi anayotumia, kuliko anayekula jibini iliyosafirishwa kwa ndege. Hilo halikujitokeza katika mjadala kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na mtalii mmoja akilini, Mzungu mwenye kamera.

Hoteli za Kunduchi hazikuathiriwa na siasa peke yake. Ufukwe wa kaskazini mwa jiji umekuwa ukiliwa na bahari kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na watafiti ni uchimbaji wa mchanga katika mito midogo ya Tegeta, Mbezi na mingineyo, mchanga ambao zamani ulishuka na maji ya masika na kuujaza upya ufukwe, lakini sasa huishia kwenye matofali ya nyumba za jiji linalopanuka. Kituo cha mabasi cha Africana katika Barabara ya Bagamoyo kimerithi jina la hoteli ya ufukweni ambayo haipo tena, na abiria wengi wanaoshuka hapo hawana habari kwamba palikuwa na hoteli. Kuta na vizuizi vya mawe vilivyojengwa na wenye hoteli huokoa kipande kimoja na mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwa jirani. Kwa mwekezaji, maana yake ni kwamba gharama ya kiwanja cha ufukweni huko haiishii kwenye bei ya ununuzi, bali huendelea kila mwaka katika ulinzi wa ukingo, gharama ambayo ni nadra kuonekana katika makadirio ya mradi yanayopelekwa benki.

Sheria nayo imeingia kati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na ubomoaji wa nyumba na kuta katika fukwe za Kinondoni umeonyesha kwamba kifungu hicho, ingawa hulala kwa muda mrefu, huamka bila hodi. Ardhi yenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa kipindi kisichozidi miaka 99, wakati asiye raia hawezi kupewa isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hata hapo hupata haki inayotokana na ile iliyo mikononi mwa mamlaka ya uwekezaji.

Kigamboni inatoa mfano wa namna mashaka ya ardhi yanavyoweza kusimamisha eneo zima. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa kujenga mji mpya upande ule wa mkondo wa bandari, uendelezaji na mauziano ya ardhi yakazuiwa kusubiri upimaji na fidia, wakala maalumu wa mji mpya ukaundwa mwaka 2012, na baadaye ukavunjwa bila mji huo kujengwa. Kwa miaka hiyo yote mwenye kiwanja Mjimwema au Kibada hakuweza kukopa kwa dhamana ya ardhi yake kwa uhakika, na mwenye vibanda ufukweni hakuthubutu kuvigeuza vyumba vya matofali. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa Aprili 2016 baada ya kujengwa kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na serikali, lilifanya kwa muda mfupi kile ambacho mpango mkuu haukuweza, kwani fukwe za Mjimwema hadi Kimbiji zikawa mahali pa kwenda Jumamosi bila kusubiri kivuko cha Magogoni, na huduma zikachipuka zenyewe, nyingi zikiwa ndogo na za wenyeji. Hata hivyo ada ya kuvuka bado inaifanya safari ya familia yenye gari kuwa na bei kabla ya mtu kununua soda.

Baada ya ardhi linakuja swali la mgeni mwenyewe, na hapa takwimu za taifa zinaweza kupotosha zisiposomwa kwa makini. Wageni wa kimataifa walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020 kutokana na UVIKO-19, kisha wakapanda hadi 1,808,205 mwaka 2023 na kuvuka milioni mbili mwaka 2024. Ongezeko hilo huhusishwa kwa wepesi na filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, na bila shaka filamu hiyo ilisaidia, lakini takwimu za utalii hazihesabu wapiga picha za simba peke yao. Kwa ufafanuzi unaotumiwa kimataifa, mtalii ni mtu anayetoka katika mazingira yake ya kawaida kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja na kulala walau usiku mmoja, kwa shughuli yoyote isipokuwa kuajiriwa mahali anapokwenda. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekuja kununua vitenge na vipuri, mgonjwa wa Komoro anayepelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na ndugu wawili wanaomuuguza, na shabiki wa mpira kutoka Lusaka wote ni watalii kwa kipimo hicho. Aliyetoka Mbeya kuhudhuria harusi ya binamu yake Mbagala ni mtalii wa ndani, ingawa akiitwa hivyo atacheka.

Wasafiri hawa ndio wanaojaza gesti za Temeke, Tandika, Magomeni na Sinza. Wana sifa ambazo mwekezaji makini angezitamani: hawategemei msimu wa Ulaya, hawafuti safari kwa sababu ya tangazo la tahadhari la ubalozi, hurudi mara kadhaa kwa mwaka, na hulipa kwa shilingi, jambo lenye uzito zaidi tangu kanuni za mwaka 2025 zilipokataza kupanga na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Udhaifu wao ni kwamba kila mmoja hutumia kiasi kidogo kwa usiku, kwa hiyo faida hutegemea vyumba kujaa, si bei kubwa. Kinachokosekana ni ubora wa kati. Kati ya gesti yenye chandarua kilichotoboka na hoteli yenye bwawa la kuogelea pana pengo kubwa ambalo lingejazwa na nyumba ya vyumba 15 au 20 yenye maji ya uhakika, jenereta, stoo salama ya mizigo ya mfanyabiashara, jiko ambalo muuguzaji anaweza kumpikia mgonjwa uji, na mapokezi yanayotoa risiti. Wenye nyumba wa Mikocheni na Mbezi Beach wameshaliona pengo hilo, nao wanapangisha apatimenti kwa siku kupitia mitandao, lakini upande wa Temeke bado uko nyuma, licha ya miundombinu ya mabasi ya mwendokasi kujengwa katika Barabara ya Kilwa hadi Mbagala na hivyo kuahidi kuyasogeza maeneo hayo karibu na Kariakoo kuliko yalivyowahi kuwa.

Temeke ina jambo jingine ambalo Kinondoni haina. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi ya watazamaji 60,000, uko katika manispaa hiyo, pembeni ya Uwanja wa Uhuru, na si mbali na viwanja vya Mwalimu Nyerere katika Barabara ya Kilwa ambako Maonesho ya Sabasaba hufanyika kila mwaka. Mechi ya Simba na Yanga, Simba Day, Wiki ya Mwananchi na michezo ya klabu bingwa Afrika huleta mabasi kutoka mikoani na mashabiki wa nchi jirani, na Agosti 2025 uwanja huo ulipokea ufunguzi wa michuano ya CHAN, huku Tanzania, Kenya na Uganda zikiwa zimekabidhiwa uenyeji wa pamoja wa AFCON ya mwaka 2027. Mashabiki hao hununua jezi, chipsi mayai na maji ya chupa kwa wachuuzi, kisha wengi hupanda basi la usiku kurudi kwao, kwa kuwa hakuna jambo la kuwafanya walale Temeke. Makumbusho ya klabu za Simba na Yanga, zilizoanzishwa katika miaka ya 1930, ziara ya vyumba vya kubadilishia nguo, na ukumbi wa muziki unaofunguliwa baada ya mechi, katika jiji lililozaa muziki wa singeli na kulea bendi za Msondo na Sikinde, ni miradi isiyohitaji ufukwe.

Tahadhari nayo inahitajika. Mei 2025 mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Moroko ilihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, baada ya eneo la kuchezea la Uwanja wa Mkapa kuonekana halifai, na kwa uamuzi huo mapato ya wikiendi kubwa kuliko zote za mwaka yalivuka bahari. Aliyejenga lodge Chang'ombe kwa kutegemea mpira ameifungamanisha biashara yake na ubora wa nyasi na mifereji ya uwanja ambao hausimamii. AFCON nayo hudumu mwezi mmoja, na kitanda kilichonunuliwa kwa ajili ya mwezi mmoja lazima kiwe na mlalaji katika miezi inayofuata.

Urithi wa historia ni eneo ambalo mtaji unaohitajika ni mdogo zaidi na ambalo, kwa mshangao, limeachwa karibu tupu. Kinondoni ina magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri vya Uchina, na ina makaburi ya Msasani. Ina nyumba ya Magomeni ambako Mwalimu Nyerere aliishi katika miaka ya kupigania uhuru na ambayo sasa ni makumbusho, Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967, wachonga vinyago wa Mwenge, na wachoraji wanaoendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Zaidi ya hayo kuna historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, ambayo hakuna mji mwingine wa Afrika Mashariki unaoweza kushindana nayo: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1994, Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa katika jiji hilo Juni 1962, na rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969 katika nyumba ya ufukweni Oyster Bay.

Wajukuu wa wapiganaji waliopita hapo leo ni tabaka la kati la Johannesburg, Maputo, Harare na Windhoek, nao wana fedha za kusafiri. Ziara ya siku moja kutoka Magomeni hadi Oyster Bay haihitaji zaidi ya gari, vibao vinavyoeleza, na muongozaji anayejua kutofautisha vyama vya ukombozi vya Zimbabwe, ZANU na ZAPU. Uongozaji wa watalii, kwa amri ya serikali ya Julai 2025 iliyoorodhesha biashara 15 zisizoruhusiwa kwa wasio raia, umebaki kuwa kazi ya Watanzania, na Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Temeke kwenyewe. Lakini ulinzi wa soko si ujuzi, na amri haimfundishi mtu historia. Kibaya zaidi, majengo yenyewe hayana ulinzi madhubuti, kwa sababu bei ya kiwanja Oyster Bay humshawishi mwenye nyumba ya zamani kuibomoa ili ajenge ghorofa, na nyumba iliyobomolewa haitembelewi.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotengwa tangu mwaka 1975 na sasa vikiwa chini ya usimamizi wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ni mfano wa mali ambayo thamani yake inatokana na kutojengwa. Uvuvi umekatazwa humo, na wageni wa siku, wengi wao wakazi wa jiji, huenda kwa boti kutoka Kunduchi na Msasani, hula samaki wa kukaanga chini ya mapaa ya makuti, kisha hurudi jioni. Wazo la kujenga hoteli visiwani huvutia kwenye karatasi, lakini Mbudya haina maji baridi, na hoteli ya vyumba 40 ingelazimika kuyavusha au kuyachuja, kisha kuyamwaga maji taka karibu na matumbawe yaleyale yanayomleta mgeni. Mtaji ungefanya kazi nzuri zaidi kwenye boti zenye usalama, maboya ya kufungia badala ya nanga zinazovunja matumbawe, na vyoo visivyotumia maji.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo huamua nani atafaidi. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka mtaji wa chini wa dola 50,000 kwa raia na dola 500,000 kwa mgeni ili kupata cheti kinachoambatana na nafuu za kodi, na mwaka 2025 kituo cha uwekezaji kiliunganishwa na mamlaka ya maeneo ya mauzo ya nje kuwa Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi. Kiwango cha raia kinaonekana cha huruma, lakini ni zaidi ya shilingi milioni 100, na wengi wenye boti za Kunduchi, vibanda vya Mjimwema na gesti za Tandika wako chini yake, hivyo hulipa ushuru kamili wa vifaa ambavyo mshindani mkubwa huviingiza kwa nafuu. Wakikopa benki, ambako riba ya wastani imekuwa ikizunguka asilimia 15 kwa mwaka, deni lisilolipwa hujirudufu katika takriban miaka mitano, wakati nyumba ya kulala wageni huhitaji muda mrefu zaidi ya huo kurudisha gharama zake.

Matokeo yake yanaonekana katika umbo la majengo: mwenye gesti hujenga chumba kimoja kimoja kwa akiba yake, nondo zikiachwa zimechomoza juu ya paa kusubiri ghorofa ijayo. Halmashauri zinazotamani mapato ya utalii zingeweza kuanza na mjenzi huyu, kwa mfano kwa kumpunguzia tozo katika miaka ya mwanzo kwa sharti la kufikia kiwango fulani cha usafi na usalama, kwa kumpimia kiwanja ili apate hati ya kukopea, na kwa kumwelekeza kununua samani kwa mafundi wa Keko. Manispaa ya Temeke haina gharama ya kulinda ufukwe wala ghorofa za Oyster Bay za kushindana nazo, kwa hiyo ndiyo yenye nafasi ya kulijaribu hilo kabla ya mashabiki wa AFCON kuanza kutafuta pa kulala.